Majina ya Gilgil: nani aliandikwa, nani aliachwa

Sanamu ya Lord Delamere ilisimama miaka mingi katikati ya Nairobi, kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipofika, barabara ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ikang'olewa ikapelekwa Soysambu, shamba lake kando ya Ziwa Elmenteita, karibu na Kariandusi na mji wa Gilgil. Mji mkuu ulimkataa, mashambani akapokewa.

Jambo la namna hiyo lilitokea Uingereza mwaka 2022. Sanamu ya Margaret Thatcher, iliyokusudiwa kusimama London, ilikataliwa na baraza la Westminster, ikaishia Grantham, mji mdogo wa soko huko Lincolnshire alikozaliwa mwaka 1925, binti wa muuza duka. Haikumaliza siku moja kabla ya kutupiwa mayai. Katika mji huohuo Isaac Newton, aliyesoma pale utotoni, ana sanamu yake tangu karne ya 19, na yeye hana anayemtupia kitu. Ndiyo desturi ya miji ya soko ya Waingereza. Huwajua watu wao, huyaandika majina yao kwenye kuta na mabao, kisha hubishana hadharani juu ya nani alistahili na nani hakustahili.

Nawahusudu kwa ubishi huo. Gilgil nayo ni mji wa soko uliozaliwa na reli, ukakua na mashamba ya masetla, kambi za jeshi na shule za bweni. Tangu mwaka 1929 ndipo tawi la reli lilipochepuka kupanda Nyahururu, wakati huo Thomson's Falls. Ukubwa wake si wa kutisha. Lakini watu waliopita katika mji huo na viunga vyake, kuanzia Kikopey hadi Kariandusi na mwambao wa Elmenteita, wangejaza mabao ya miji mitano kama Grantham. Tatizo ni kwamba ukiuliza watu maarufu wa Gilgil, vitabu na waongoza watalii watakupa majina yaleyale: Delamere, akina Cole, na wale mabwana na mabibi wa Happy Valley. Hiyo ni rejista ya ardhi ya mwaka 1920 iliyopewa jina la historia. Wakati umefika tuiandike upya, na mahali pa kuanzia ni Kariandusi.

Ukitoka Nairobi, ukishapita Gilgil na moshi wa nyama wa Kikopey, barabara huanza kuteremka na ziwa hujitokeza upande wa kushoto. Njia ya makumbusho inachepuka kulia. Pembeni kuna machimbo ya daiatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi uliotokana na mabilioni ya vijimea vya majini vilivyokufa na kurundikana chini ya ziwa la kale, ziwa lililokuwa kubwa mno kuliko Elmenteita ya leo. Viwanda huutumia kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi. Makumbusho yenyewe hayana makuu. Ni mashimo ya uchimbaji, na ndani yake mawe.

Mawe hayo ni mashoka ya mkono. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka milioni moja. Mengi yalichongwa kwa mawe ya kawaida ya volkeno, lakini yanayomfanya mgeni asimame ni yale ya obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa, linalopatikana kwa wingi katika milima ya Bonde la Ufa. Litazame moja kwa makini. Lina umbo la tone la maji, nene kwenye kitako, jembamba kwenye ncha. Kila upande umejaa makovu ya mapigo, na ukiyafuata utaona mchongaji alipiga hapa, akaligeuza, akapiga kule, akaligeuza tena, mpaka kingo mbili zikakutana kwa mstari ulionyooka. Hakubahatisha. Kabla ya pigo la kwanza alishajua anataka nini kitoke ndani ya lile jiwe. Ukingo wa obsidiani iliyobanduliwa vizuri ni mkali kuliko chuma. Kwa vyombo hivyo walichuna ngozi, wakakata nyama, wakapasua mbao.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wa jamii ya Homo erectus, mababu zetu wa mbali. Mwanaakiolojia John Gowlett wa Uingereza aliyapima mashoka ya Kariandusi kuchunguza umbo linavyobadilika kadiri ukubwa unavyoongezeka. Hilo si swali dogo. Anayeweza kutengeneza chombo kikubwa na kidogo kwa kufuata mpango mmoja ana vipimo kichwani. Naweka watu hao wa kwanza kabisa kwenye bao la Gilgil, bila majina, kwa sababu wao ndio mafundi wa kale zaidi tunaoweza kuishika kazi yao katika eneo hili.

Aliyeutangazia ulimwengu habari zao ni Louis Leakey, mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua akizungumza Kikikuyu kama wenzake wa rika lake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliongoza msafara wa utafiti uliopiga kambi Elmenteita. Wakachimba pango lililoko kwenye shamba la setla aliyeitwa Gamble, na mpaka leo pango hilo ni Gamble's Cave, kana kwamba bwana huyo ndiye aliyelala humo maelfu ya miaka. Kariandusi iligunduliwa katika msafara huo. Mashoka ya kwanza yaliokotwa na wenzake Leakey wawili, John Solomon na Elisabeth Kitson, lakini umaarufu ukamwendea kiongozi. Miaka michache baadaye Mary Leakey, mke wake wa pili, alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru, na hatimaye akawa mtafiti mkubwa kwa haki yake mwenyewe.

Sina ugomvi na Leakey. Alisema binadamu alianzia Afrika wakati wataalamu wengi walikuwa wakielekeza macho Asia, na akasimama kwenye neno lake mpaka ushahidi ukamthibitisha. Ila ukisoma vitabu vya fani hiyo, angalia mikono inayoshika sululu. Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyefanya kazi na Leakey kwa miongo kadhaa na kuwaongoza wachimbaji wake, alikuwa na jicho la kutambua mfupa kwenye changarawe ambalo hakuna chuo kikuu kilichomfundisha. Jina lake linajulikana kwa wanaakiolojia. Watoto wa shule wanaoletwa Kariandusi kwa basi wanapaswa kulijua pia.

Baada ya watu wa mawe, wenyeji wanaokumbukwa zaidi kwenye nyika hizi ni Wamaasai. Mabonde kati ya Naivasha na Nakuru yalikuwa malisho yao hadi mwaka 1904, serikali ya Kiingereza ilipotia saini mkataba na laibon (kiongozi wa kidini) Olonana na wazee wengine, na Wamaasai wakahamishwa kuondoka Bonde la Ufa. Baadhi walipelekwa kusini, wengine Laikipia, huku wakiahidiwa kwamba maeneo mapya yangekuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 wakaamriwa watoke Laikipia nayo.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye mimi ningempa nafasi ya juu kabisa: Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko wa kaskazini, tawi la Wamaasai. Alipinga, akachelewesha, kisha yeye na wenzake wakafanya jambo ambalo wakoloni hawakulitarajia. Wakaajiri wakili wakaishtaki serikali. Kesi hiyo, inayojulikana kama kesi ya Ole Njogo na wenzake, ilisikilizwa mwaka 1913. Mahakama ikaitupa kwa hoja kwamba Wamaasai walikuwa kama taifa la kigeni lililofanya mkataba na mfalme, na mikataba ya namna hiyo haihojiwi katika mahakama za kawaida. Rufaa nayo ikashindwa. Soma tena hoja hiyo. Walipotaka kubaki na ardhi yao, walihesabiwa kuwa taifa huru. Walipohamishwa, walisukumwa pamoja na ng'ombe wao kama watu wasio na dola wala neno. Ole Gilisho hakujua kusoma wala kuandika Kiingereza, ila alielewa karatasi ni silaha, miaka 50 kabla ya Uhuru. Sanamu hana.

Ardhi iliyoachwa wazi ilipata wenyewe upesi. Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa mwaka 1870, mrithi wa jumba la Vale Royal huko Cheshire, karibu na Northwich, mji mwingine wa soko wa Kiingereza. Alifika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 akitokea Usomali. Akapata shamba kubwa Njoro, kondoo wake wakafa, ngano yake ikaliwa na kutu, na badala ya kukata tamaa akagharamia majaribio ya kutafuta mbegu inayostahimili ugonjwa huo. Soysambu ndiyo iliyomwinua. Tumpe haki yake kwa ngano na kwa ukaidi wake wa mkulima. Lakini mtu huyo ndiye aliyekuwa sauti kuu ya masetla waliotaka Kenya iwe nchi ya mzungu, na Elspeth Huxley alipoandika maisha yake mwaka 1935 alikiita kitabu kwa maneno hayohayo. Hata kilima kinachoonekana kusini mwa ziwa, ambacho Wamaasai humwona morani aliyelala chali, wazungu walikipa jina la pua ya Delamere.

Mke wake wa kwanza, Lady Florence, alikuwa dada wa Berkeley na Galbraith Cole. Galbraith ndiye aliyemiliki Kekopey, ranchi iliyopakana na Soysambu na kuenea hadi karibu na Kariandusi. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mkikuyu aliyemshuku kuiba kondoo, na mtu huyo akafa. Cole hakukana kwamba alifyatua. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likamwachilia. Serikali ya London iliona aibu, ikaamuru afukuzwe nchini, naye akafukuzwa, lakini baadaye akarudi kwenye ranchi yake. Mwaka 1929, baada ya kuteseka kwa maradhi ya viungo, alijiua. Kaburi lake liko Kekopey likiangalia ziwa, na juu yake kuna mnara wa ukumbusho unaoonekana kwa mbali. Mjane wake, Lady Eleanor, aliendelea kuishi hapo kwa miongo mingi.

Aliyepigwa risasi hana mnara. Vitabu vingi vinavyosimulia kisa hicho humtaja kwa kabila na kwa kosa aliloshukiwa, basi. Hilo linaniuma kuliko yote katika historia ya Gilgil. Mtu ameuawa, kesi ikaamuliwa, gavana akaandikiana barua na London, hati zikajaa makabati, na kwa wasomaji anabaki mwizi wa kondoo.

Kuhusu masetla wa kundi la Happy Valley nitasema kidogo, maana wamesemwa vya kutosha. Idina Sackville aliishi karibu na Gilgil na mume wake wa tatu, Josslyn Hay, aliyekuja kuwa Earl wa Erroll, kabla ya kuhamia Wanjohi. Walikunywa, wakabadilishana wapenzi, na mwaka 1941 Erroll akauawa kwa risasi karibu na Karen, muuaji asipatikane. Filamu na vitabu havijachoka nao. Lakini mashamba yao yalilimwa na watu, ng'ombe wao walikamuliwa na watu, na watu hao ndio waliozaa Gilgil ya leo.

Kuna jina jingine la Gilgil ambalo Wakenya wachache hulisikia. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza waliweka hapa kambi ya wafungwa wa kisiasa Wayahudi kutoka Palestina, zaidi ya 200, waliotuhumiwa kuwa wanachama wa Irgun na Lehi, makundi yenye silaha yaliyopigana na utawala wa Kiingereza. Walikuwa wamezungushwa Eritrea na Sudan kabla ya kuletwa kwenye baridi ya Bonde la Ufa. Miongoni mwao alikuwa Meir Shamgar, aliyesoma sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London akiwa kizuizini, na miaka mingi baadaye akawa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Shmuel Tamir akawa waziri wa sheria. Yaakov Meridor, bingwa wa kutoroka, aliondoka Gilgil mwaka 1948 pamoja na wenzake watano, wakapenya hadi Kongo ya Wabelgiji na kutoka huko hadi Ulaya. Naye baadaye akawa waziri. Waliobaki walirudishwa katikati ya mwaka huo, taifa lao likiwa limeshatangazwa.

Msomaji awe na maoni yoyote juu ya siasa za nchi ile, jambo la kushika hapa ni jingine. Waingereza waliona Gilgil panafaa kwa kambi ya kizuizini. Miaka 5 baadaye, hali ya hatari ilipokuwa imetangazwa Kenya, ujuzi wa kuzungushia watu waya bila hukumu ulitumiwa kwa Wakenya wenyewe, kwa maelfu na maelfu.

Mmoja wa Wakenya hao alikuwa Josiah Mwangi Kariuki. JM. Alizaliwa mwaka 1929 katika Bonde la Ufa, wazazi wake wakiwa maskwota waliotoka Nyeri, yaani watu waliopewa kishamba cha kulima na kulisha mbuzi wachache kwa malipo ya kumfanyia kazi mwenye shamba kwa siku alizopanga yeye. Mtoto wa skwota hakuandaliwa shule. JM aliacha masomo kwa kukosa karo, akafanya vibarua, kisha miaka ya 1940 akabahatika kushinda dau kwenye mbio za farasi Nakuru. Kijana mwingine angenunua baiskeli na koti. Yeye alirudi darasani. Akafika King's College Budo, Uganda, na mwaka 1953, baada ya kurejea nyumbani, akakamatwa. Alizungushwa kambi moja hadi nyingine mpaka mwaka 1960. Kitabu chake kuhusu miaka hiyo, kilichotoka mwaka 1963, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuieleza Mau Mau kwa sauti ya aliyekuwa ndani.

Kisha maisha yakageuka haraka. Akawa katibu wa Kenyatta, mbunge wa kule juu Nyandarua, waziri msaidizi. Akawa tajiri. Alikuwa na mashamba, alipenda magari na farasi wa mbio, na makao yake yakawa Gilgil. Wapo wanaomkumbusha utajiri huo kama vile unafuta aliyoyasema. Mimi naona kinyume. Angeweza kunyamaza ale. Badala yake alisimama bungeni na mikutanoni akaonya kwamba Kenya haiwezi kuwa nchi ya mamilionea 10 na maskini milioni 10, na kwamba ardhi iliyomwagiwa damu haikupiganiwa ili iwaendee wachache. Mikutano yake ilianza kunyimwa vibali. Mwaka 1974 wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini wakamrudisha bungeni hata hivyo.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana hoteli ya Hilton, Nairobi, akiondoka na maafisa wa polisi. Kesho yake mfugaji wa Kimaasai alikuta maiti katika vilima vya Ngong. Kwa siku kadhaa umma uliambiwa yuko safarini Zambia, mwili ukiwa mochari. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza na kutoa ripoti mwezi Juni, ikawataja wakuu wa polisi waliohitaji kuchunguzwa zaidi. Hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo. JM alizikwa nyumbani kwake Gilgil.

Kwa hiyo katika eneo moja kuna mnara wa Galbraith Cole, sanamu ya Delamere na kaburi la JM Kariuki. Mabasi ya shule yanayopita barabara ya Nakuru hayasimami hata kwa kimoja kati ya hivyo vitatu. Watoto hupelekwa kuona korongo na mwari ziwani, na si vibaya, kwa maana Elmenteita ni sehemu ya urithi wa dunia uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Lakini mtoto wa Gilgil akue akijua ndege wa ziwa lake bila kumjua JM? Hapana.

Kisa cha risasi Soysambu hakikuishia na karne iliyopita. Mwezi Aprili 2005, Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, aliuawa kwa risasi akiwa kazini kwenye shamba hilo. Aliyefyatua ni Tom Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere, aliyedai alidhani ni majambazi. Mkuu wa sheria aliiondoa kesi kortini, Wamaasai wakaandamana. Mwezi Mei 2006, Robert Njoya, fundi wa mawe kutoka kijiji cha jirani, akauawa kwa risasi shambani humo. Mara hii kesi ilisikilizwa. Mwaka 2009 mahakama ilimpata Cholmondeley na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi 8. Alifariki mwaka 2016.

Kuna tofauti moja kati ya mwaka 1911 na mwaka 2006, nayo naithamini: Sisina na Njoya tunawajua kwa majina. Magazeti yaliwaandika, familia zao zilipigwa picha, watu walibeba mabango. Miezi 8 kwa uhai wa mtu ni adhabu iliyowauma wengi na inaniuma mimi. Lakini hakuna atakayeandika historia ya Soysambu baada ya hapo na kuwaita wawili hao Mmaasai na Mkikuyu tu.

Kekopey yenyewe imebadilika kuliko Soysambu. Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani Shirley Strum alianza kuwafuata nyani wa ranchi hiyo kwa miguu, siku baada ya siku, akawajua mmoja mmoja. Alichokiona kilipingana na vitabu vya wakati huo, vilivyodai nyani wanatawaliwa na dume lenye nguvu. Aliona kundi linaloshikiliwa na majike na koo zao, na madume wanaopata wanachotaka kwa urafiki kuliko kwa meno. Kisha katika miaka ya 1970 ranchi ikauzwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo. Nyani wakagundua mahindi. Strum alijaribu njia nyingi za kuwatuliza pande zote mbili, na mwaka 1984 akahamisha makundi matatu hadi Laikipia, uhamisho uliofungua mlango kwa watafiti wengine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1987. Namheshimu kwa jambo moja zaidi: hakuwalaumu wakulima. Watu ambao babu zao walikuwa maskwota walikuwa wamepata, kwa mara ya kwanza, eka zao wenyewe, na anayelinda mahindi yake dhidi ya nyani si adui wa sayansi.

Wajukuu wa maskwota hao ndio Kikopey ya leo, iliyorithi jina la ranchi, ile ambayo kila dereva wa lori kutoka Mombasa hadi Malaba anaijua. Simama pale saa saba mchana. Mbuzi wamening'inia nyuma ya kioo, mteja anaonyesha mbavu au paja, nyama inapimwa kilo, inawekwa juu ya makaa bila kitu ila chumvi. Mchomaji huigeuza kwa mkono, huibonyeza kwa kidole kujua imeiva, kisha huileta kwenye ubao na kuikatakata mbele yako kwa kisu kilichonolewa hadi kimebaki nusu ya upana wake wa kwanza. Ugali, kachumbari, pilipili. Ni biashara iliyosomesha watoto na kujenga nyumba, bila jina la lodi yeyote juu ya mlango. Kituo hicho kinastahili bao lake, na jina la kwanza juu yake liwe la muuza nyama wa kwanza aliyewasha makaa pale. Wazee wa Kikopey waulizwe, wakubaliane au wabishane.

Kaunti ya Nakuru ina idara ya utamaduni, na jiji la Nakuru, lililopewa hadhi hiyo mwaka 2021, linatafuta sura yake. Naipendekezea kazi tatu. Ya kwanza ni mabao ya majina ndani ya uwanja wa makumbusho ya Kariandusi, ambapo wageni wanafika tayari: wachongaji wa mawe, Ole Gilisho, Mukiri pamoja na Leakey, Solomon na Kitson, wafungwa wa 1947, JM, Sisina, Njoya. Delamere na Cole wawemo pia, pamoja na mambo yao yote, ngano na risasi. Ya pili ni kwamba kila tarehe 2 Machi shule za Gilgil zipelekwe kwa JM. Shule ni nyingi hapa, kuanzia Pembroke House iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa watoto wa masetla hadi shule za msingi za umma ambako madawati hayatoshi, na watoto wa pande zote mbili wasimame pamoja.

Ya tatu ni ya wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kwenye ardhi ambayo nayo ilikuwa ya setla. Waende Nyaraka za Taifa, Nairobi, watafute mafaili ya kesi ya Galbraith Cole ya mwaka 1911, pamoja na barua za gavana, ushahidi wa polisi na maelezo ya mashahidi, kisha waende kwenye familia za Gilgil na Naivasha ambazo bado zinasimulia habari za babu aliyekwenda Kekopey asirudi. Wamlete mtu huyo kwa jina lake kamili na la baba yake. Bao lake liwekwe Kekopey, kwenye kilima kilekile chenye mnara wa Cole.